Muziki Katika Anime: Ni Jicho au Sikio Linaloamua?

Wahenga walisema macho hayana pazia. Nami naongeza kwamba masikio ndiyo yasiyo na pazia kabisa. Picha ikikutisha unafumba macho au unageuza uso. Sikio huwezi kulifumba, lililoingia limeingia. Kwa sababu hiyo nimeamua kuandika, katika jarida letu la mwaka huu, juu ya jambo ambalo wengi wetu hulisikia kila jioni bila kulisikiliza: muziki wa anime, yaani zile filamu na vipindi vya vibonzo kutoka Japani, na jinsi muziki huo unavyotufanya tukipende kipindi kimoja na kukidharau kingine.

Walimu wetu wapendwa, tafadhali msiufunge ukurasa huu mapema. Nyinyi wenyewe mmetusikia wakati wa mapumziko tukibishana mpaka kengele inalia. Huyu anasema anime fulani ni moto wa kuotea mbali, yule anasema ati hiyo ni ya watoto wa chekechea. Ukimwuliza mmoja wao sababu, atakutajia mapanga, rangi, mbio na vita. Muziki hatautaja. Lakini hebu mtazame vizuri anaposimulia pambano alilolipenda. Mikono inapunga hewani na mdomo unapiga ngoma: tu-tu-tum! Hawezi kuisimulia picha bila kuitia sauti. Hapo ndipo utakapojua kuwa kilichomkaa moyoni si picha peke yake.

Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili jambo hili halipaswi kutushangaza. Katika fasihi simulizi tumefundishwa kuwa wimbo ndani ya ngano hauwekwi bure. Unawaamsha wanaosinzia, unawashirikisha wasikilizaji, unajenga taharuki, unatenganisha tukio na tukio, na unatuambia mhusika yumo katika hali gani hata kabla hajasema. Mtambaji akiubadilisha wimbo wa yatima ukawa wa kuchekesha, ngano yote imeharibika, ingawa maneno mengine hayakuguswa. Anime nayo ni ngano, isipokuwa mtambaji wake ametumia kalamu, rangi na okestra.

Pengine utauliza, je, kuna ushahidi au ni maneno matupu? Ushahidi upo. Mwaka 1944, wanasaikolojia wawili huko Marekani, Fritz Heider na Marianne Simmel, walitengeneza filamu fupi ya vibonzo isiyo na mtu hata mmoja. Ndani yake mlikuwa na pembetatu kubwa, pembetatu ndogo na duara dogo, vikizungukazunguka karibu na kisanduku chenye mlango. Basi. Hapakuwa na uso wala neno. Hata hivyo watazamaji walipoulizwa wameona nini, wengi walisimulia kisa kizima: yule mkubwa ni mkorofi, wale wadogo wanamkimbia. Mwaka 1988, watafiti Sandra Marshall na Annabel Cohen waliichukua filamu hiyo hiyo wakaitia muziki wa aina mbili tofauti. Picha hazikubadilishwa hata kidogo. Lakini maoni ya watazamaji juu ya maumbo yale yalibadilika kulingana na muziki waliousikia. Sasa kama muziki unaweza kuigeuza tabia ya pembetatu, sembuse Naruto, mwenye macho, machozi na wazazi waliokufa?

Mfano mkubwa zaidi ni wa Dragon Ball Z, kipindi kilichoonyeshwa Japani kuanzia 1989 hadi 1996, chenye sehemu 291. Muziki wake wa asili ulitungwa na Shunsuke Kikuchi, yule yule aliyetungia vipindi vya Doraemon. Kikuchi alitumia okestra: tarumbeta, fidla na ngoma. Tena palipofaa kunyamaza, alinyamaza. Kampuni ya Funimation ilipotayarisha toleo la televisheni za Marekani, muziki wa Kikuchi uliondolewa, na kuanzia 1999 nafasi yake ikachukuliwa na muziki wa Bruce Faulconer na wenzake. Huo ulikuwa wa vinanda vya umeme na magitaa makali, na karibu kila dakika kuna kitu kinalia.

Matokeo yakawa nini? Goku ni yule yule, nywele zake zimesimama vile vile, ngumi zake ni zile zile. Lakini katika toleo la Japani anasikika kama shujaa wa hadithi za kale, ambaye hata katikati ya vita unaweza kumcheka kidogo. Katika toleo la Marekani anasikika kama mtu ambaye dunia inamwangukia, na hatari imejaa mpaka pale wanapozungumza tu. Mashabiki wa matoleo haya mawili wanabishana hadi leo. Aliyeanza na lile la Marekani husema lile la Japani limepoa kama uji wa jana. Aliyeanza na lile la Japani husema lile la Marekani ni kelele. Ajabu ni kwamba hawabishani juu ya picha, kwani picha ni moja. Wanabishana juu ya sikio. Baadaye ilibidi kampuni iuze DVD ambazo mtazamaji anaweza kuchagua sauti za Kiingereza pamoja na muziki wa Kijapani.

Hapa tunajifunza mambo mawili. Kwanza, muziki unaweza kuwafanya watu wawili waone wahusika wawili katika mchoro mmoja. Pili, muziki uliousikia kwanza ndio unaokuwa kipimo chako. Mazoea yana taabu. Mtu anaweza kudhani anatetea sanaa bora kumbe anatetea utoto wake.

Kisa kinachofanana na hicho kiliipata filamu ya Laputa, yaani Ngome ya Angani, iliyoongozwa na Hayao Miyazaki mwaka 1986. Muziki wake ulitungwa na Joe Hisaishi. Filamu yenyewe ni ya saa mbili na zaidi, lakini sehemu kubwa yake haina muziki. Unasikia upepo, hatua za miguu na injini za ndege. Kampuni ya Disney ilipotayarisha toleo la Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1990, Hisaishi mwenyewe aliuandika muziki upya na kuuongeza, kwa kuwa ilionekana kwamba mtazamaji wa Marekani hajazoea kimya kirefu. Mtunzi ni yule yule na hadithi ni ile ile, lakini pale ambapo mtazamaji wa kwanza aliachwa ajifikirie mwenyewe, wa pili aliambiwa la kufikiri.

Kimya, wenzangu, nacho ni muziki. Katika insha tunatumia mdokezo, zile nukta tatu zinazomwachia msomaji amalizie mwenyewe. Mtunzi hodari wa muziki wa filamu anajua mahali pa kuweka nukta zake tatu. Mtazame Chihiro katika filamu ya Spirited Away ya mwaka 2001, pale anapopanda garimoshi linalopita juu ya maji. Hakuna mapigano na maneno ni machache mno. Piano ya Hisaishi inagusa kidogo, inaacha, inagusa tena. Abiria ni vivuli tu. Wengi walioiona filamu hiyo hukumbuka garimoshi lile kuliko vituko vyote vilivyotangulia, na ukiwauliza lilikuwa na nini, hawana jibu. Lilikuwa na nafasi ya kuhisi.

Muziki pia unaweza kusema kinyume cha picha. Hicho ndicho tunachokiita kinaya. Neon Genesis Evangelion, iliyoongozwa na Hideaki Anno, ilionyeshwa Japani kati ya Oktoba 1995 na Machi 1996. Katika sehemu ya 24, kijana Shinji analazimika kuamua kama atamuua Kaworu, rafiki ambaye ndiye kwanza amempata. Yumo ndani ya lile jitu lake, na Kaworu yumo kiganjani. Picha inasimama. Kwa takriban dakika nzima hakuna kinachosogea. Na ni muziki gani unaolia? Si wa maombolezo. Ni Simfonia ya Tisa ya Beethoven, ile ya mwaka 1824 ambayo kwaya yake huimba juu ya furaha na udugu wa binadamu wote. Kisha muziki unakatika, na sote tunajua limefanyika lipi.

Angalia basi vile sikio linavyoteswa. Jicho linaona rafiki anayekaribia kufa. Sikio linaambiwa watu wote ni ndugu. Kwa mtazamaji wa Japani kidonda ni kirefu zaidi, maana nchini humo simfonia hiyo huimbwa kila Desemba na kwaya nyingi, kubwa na ndogo, kuufunga mwaka. Kwake yeye ni wimbo wa sherehe, kama vile sisi tunavyosikia nyimbo za Krismasi madukani. Mtu asiyeujua muziki ule ataona tukio la huzuni lenye kwaya nzuri. Anayeujua ataona dhihaka chungu. Kwa hivyo maoni yetu juu ya anime hayategemei tu muziki uliowekwa ndani yake. Yanategemea pia muziki tulio nao sisi vichwani.

Evangelion hiyo hiyo ilitupa jaribio jingine. Kila sehemu ilikuwa ikimalizika kwa wimbo wa Kimarekani wa zamani, Fly Me to the Moon, uliotungwa na Bart Howard mwaka 1954, ukiimbwa au kupigwa kwa namna mbalimbali. Ni wimbo mwororo, wa mapenzi. Ulikuwa kama mkono unaokupapasa kichwani baada ya kuona mabaya. Netflix ilipoanza kukionyesha kipindi hiki mwaka 2019, katika nchi nyingi nje ya Japani wimbo huo haukuwemo, kwa sababu ya mambo ya hakimiliki. Mahali pake pakawekwa piano kutoka ndani ya kipindi chenyewe. Mashabiki wa zamani walilalamika sana. Wengine waliwacheka: ati wimbo wa mwisho tu, wakati majina ya wafanyakazi yanapita, ndio wa kulilia? Lakini walalamishi walikuwa na hoja. Mtu anayetoka ndani ya nyumba kwa mlango wa bustani na anayetoka kwa mlango wa makaburi hawataondoka na maoni sawa juu ya nyumba hiyo.

Mpaka hapa huenda mtu akasema: kumbe muziki ndio kila kitu! La hasha. Cowboy Bebop ya mwaka 1998, ya mwelekezi Shinichiro Watanabe, inasifiwa dunia nzima kwa muziki wa jazi wa Yoko Kanno na bendi yake ya Seatbelts. Watanabe ameeleza kwamba mara nyingine Kanno alimletea muziki ambao hakuuomba, na muziki huo ukampa wazo la tukio jipya. Yaani badala ya muziki kuifuata picha, picha iliufuata muziki. Sasa, mwaka 2021 Netflix ilitoa Cowboy Bebop ya waigizaji halisi. Kanno akarudi kutunga. Wimbo wa ufunguzi, Tank!, ukarudi. Chambo cha sikio kilikuwa kamili. Hata hivyo watu wengi hawakuridhika, na kipindi kikasimamishwa baada ya msimu mmoja tu. Muziki ule ule uliowapandisha watu angani mwaka 1998 haukuweza kuwanyanyua hata kutoka kwenye viti mwaka 2021. Mchuzi mtamu hauivishi ugali mbichi.

Kutokana na mifano hii nimeona niugawanye muziki wa anime katika mafungu mawili. Upo muziki unaovuna na upo muziki unaokopa. Unaovuna huchukua kile ambacho hadithi imekipanda tangu mwanzo. Unaokopa huleta machozi kutoka nje, machozi ambayo hadithi haijayafanyia kazi.

Wengi wenu mnaijua Demon Slayer, sehemu ya 19, iliyoonyeshwa Agosti 2019, Tanjiro anapopigana na Rui. Katikati ya pambano, unaingia wimbo wa taratibu wenye jina la Tanjiro mwenyewe, na moto unawaka. Wapo wanaosema kuwa sehemu hiyo ilipendwa kwa sababu ya wimbo na uchoraji tu, na kwamba kisa chenyewe ni cha kawaida. Mimi sikubaliani nao. Tangu sehemu ya kwanza tumeona familia ya Tanjiro ikiuawa. Tumemwona akimbeba Nezuko mgongoni ndani ya sanduku. Wakati wimbo unapoingia, Tanjiro anamkumbuka baba yake akicheza ngoma ya jadi ya familia, na Nezuko anasikia sauti ya mama yao. Wimbo haukuleta huzuni mpya. Ulikuja kuvuna kilichopandwa kwa sehemu 18. Huo ni uvunaji, tena wa haki.

Lakini kukopa nako kupo, na hasa katika nyimbo za ufunguzi. Tukumbuke kuwa wimbo wa ufunguzi, ambao huchukua kama dakika moja na nusu, ni bidhaa pia. Kampuni za kurekodi muziki mara nyingi huwa miongoni mwa wanaotoa pesa za kutengenezea anime, na wimbo hutarajiwa kuuzwa. Si vibaya, kila mtu anakula jasho lake. Hatari ni pale mtu anapoutazama ufunguzi, akaona wahusika wakikimbia juani huku gitaa linapasua, akatangaza darasani kuwa hicho ndicho kipindi bora cha mwaka kabla hajaona hata sehemu tatu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kuna pia hatari ya upande wa pili. Sisi wa shule ya kutwa hutazama kwa simu, spika ndogo kama kifungo, mama anakaanga vitunguu, mdogo wako analia. Besi haisikiki, kimya hakipo. Halafu unasema anime hiyo haina ladha. Ladha utaipata wapi na umeionja puani?

Katika vibanda vya video mitaani kwetu jambo hili liko wazi zaidi. Filamu nyingi za kigeni huonyeshwa zikisimuliwa na ma-DJ kwa Kiswahili na Sheng', na sauti ya DJ hufunika muziki wa filamu. Ndiyo maana mazishi yanaweza kuwavunja watu mbavu. Simlaumu DJ, naye ni mtambaji na ana ufundi wake. Nasema tu kwamba aliyeitazama kwa DJ na aliyeitazama kwa muziki wake wa asili wasigombane kana kwamba wameona kitu kimoja.

Basi tufanyeje? Napendekeza majaribio matatu, na hayahitaji pesa. Kwanza, chagua tukio unalolipenda, zima sauti, ulitazame hadi mwisho. Kama bado linakugusa, michoro na hadithi vimefanya kazi yao. Pili, geuza simu kifudifudi usikilize sauti peke yake. Utashangaa jinsi muziki unavyotangulia kukuambia adui anakuja. Tatu, na hili ndilo gumu, jiulize: machozi haya yamepandwa wapi? Ukiweza kutaja matukio mawili matatu ya nyuma yaliyoyaandaa, muziki umevuna. Ukishindwa, muziki umekopa, na wewe ndiye uliyekopwa.

Msidhani nahangaikia vibonzo tu. Muziki unaotufanya tumpende shujaa wa kuchorwa ndio ule ule unaotumiwa kutuuzia sabuni na soda redioni, na ndio unaopigwa juu ya lori la kampeni kabla mgombea hajafungua kinywa. Miaka miwili hivi ijayo wengi wetu tutakuwa na vitambulisho na kura mkononi. Mtu asiyejua ni lini wimbo unavuna na ni lini unakopa atachezeshwa na kila mwenye spika kubwa. Afadhali tujifunzie kwa Goku na Shinji, ambako kukosea hakumgharimu mtu chochote, kuliko tujifunzie huko mbele.

Kwa hivyo wenzangu, mabishano yetu ya mapumziko na yaendelee; mimi mwenyewe sitayaacha. Ila kuanzia sasa, mtu akisema anime fulani ni moto wa kuotea mbali, tumwulize swali moja la ziada: je, umeuona huo moto, au umeusikia? Akijibu vizuri, tumpigie makofi. Akijibu kwa tu-tu-tum peke yake, tumpeleke akaizime sauti, aitazame tena, ndipo arudi barazani.